Kahlenberg na Leopoldsberg, Vienna: mwongozo kamili wa kuuona mji kutoka juu bila kupotea

Hii nimeiandika kwa sababu moja. Kila mara kuna mtu anakuja Vienna, ana mkutano wa UN, au anasoma, au amepita siku mbili kwa dada yake, anataka auone mji mzima kutoka juu, anaambiwa "nenda Kahlenberg, rahisi tu", halafu jioni napigiwa simu yuko chini kabisa kando ya mto Danube ananiuliza mlima wenyewe uko wapi. Au amefika juu saa sita mchana, jua linampiga usoni, picha zote nyeupe. Au amefika vizuri kabisa ila giza limemkuta msituni.

Kahlenberg ni mita 484 tu. Nairobi penyewe pako juu zaidi ya mara tatu ya hapo, kwa hiyo pumzi haitakusumbua. Wanaoshindwa wanashindwa na majina ya vituo, na saa, na basi, na mambo hayo matatu yanarekebishika ukiwa bado umekaa kitandani hotelini.

Njia ninayokupa hapa ni hii: unapanda na basi mpaka Leopoldsberg, kilima jirani na Kahlenberg, unatembea mpaka Kahlenberg yenyewe, halafu unashuka kwa miguu katikati ya mashamba ya zabibu mpaka Nussdorf ambako kuna tramu. Jumla kama kilomita 6 au 7, kutembea kwenyewe ni masaa mawili na nusu kwa mwendo wa kawaida, ila weka manne kwa sababu utasimama sana.

Najua wengi wanafanya kinyume, wanapanda kwa miguu wanarudi na basi. Mimi siwashauri wageni hivyo. Ukipanda, mji unakuwa mgongoni muda wote, unaangalia udongo tu. Ukishuka, mji uko mbele ya macho yako hatua kwa hatua. Halafu tramu ya Nussdorf inapita mara nyingi mpaka usiku, basi la juu linapungua jioni, ukilikosa unasubiri kwenye baridi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

Viatu raba zenye soli ya kushika. Si lazima buti za mlima, ila hizi soli laini za mjini ziache, majani makavu ya Oktoba yakilowa yanateleza kama sabuni.

Jaketi la upepo, hata Julai. Juu kunapungua digrii mbili tatu ukilinganisha na mjini na upepo haukatizwi na kitu.

Maji, lita moja kwa mtu. Usinunue, jaza chupa bombani, maji ya Vienna yanatoka kwenye chemchemi za milimani na yananyweka moja kwa moja.

Soksi ndefu na suruali ndefu kuanzia Machi mpaka Novemba. Hili nitalieleza mbele, ni kwa ajili ya kupe.

Sarafu na noti ndogo za euro, kama 20 hivi. Sehemu kadhaa za kula mashambani hazichukui kadi.

Simu yenye chaji na ramani uliyoishusha kabisa ili ifanye kazi bila bando. Pia programu ya WienMobil, ndiyo inayokuonyesha basi na tramu zinapita saa ngapi.

Tiketi ya Vienna ya kawaida. Watu wananiuliza sana kama kule juu kuna nauli ya ziada. Hakuna. Kahlenberg na Leopoldsberg zote ziko ndani ya mipaka ya mji, tiketi ile ile ya treni ya chini ya ardhi inakufikisha.

## Hatua ya 1: Andika jina sahihi kwenye simu

Hapa ndipo wanaopotea wanapopotelea, kwa hiyo soma polepole.

Kuna Kahlenberg na kuna Kahlenbergerdorf. Ya kwanza ni kilima. Ya pili ni kakijiji kaliko chini kando ya mto, "dorf" ni kijiji kwa Kijerumani. Ukianza kuandika Kahlen... simu inakuletea yote mawili na ukiwa na haraka unabonyeza lolote. Binamu yangu alifanya hivyo, akashuka Kahlenbergerdorf na mtoto mgongoni, akaona kanisa, nyumba chache na ukuta wa msitu umesimama mbele yake, akadhani ndiyo njia yenyewe. Njia ipo kweli pale, inaitwa Nasenweg, ila ni ngazi na kona kali mfululizo kupanda zaidi ya mita 250. Na mtoto mgongoni! Alikaa kwenye benchi la kwanza akanipigia.

Kuna Nussdorf pia. Kibao cha tramu kinaandika *Nußdorf*, na ile herufi inayofanana na B si B, ni S mbili. Watu wanaandika Nubdorf, simu inasema haipo. Andika na S mbili. Na hakikisha pembeni imeandikwa Wien, ambalo ndilo jina la Vienna kwa wenyewe, maana Austria ina Nussdorf nyingine, na Ujerumani pia iko.

La tatu, 38 na 38A ni vitu viwili. 38 ni tramu, inaishia Grinzing chini ya kilima. 38A ni basi, ndilo linalopanda. Ukijikuta kwenye tramu 38 usifadhaike, endelea mpaka mwisho Grinzing na udakie basi la 38A hapo hapo.

*Utajua umefaulu:* kwenye simu yako umehifadhi sehemu tatu, Wien Heiligenstadt pa kuanzia, Leopoldsberg pa kushukia basi, na "Nußdorf, Beethovengang" pa kumalizia.

## Hatua ya 2: Chagua siku, halafu chagua saa

Siku nzuri ni ile inayofuata mvua, hasa upepo ukitokea kaskazini-magharibi. Mvua inaosha vumbi na moshi, upepo unasukuma kilichobaki. Siku ya joto kali la tatu la nne mfululizo usiende kwa ajili ya picha, mji unakuwa umefunikwa na utando wa kijivu na utarudi umekasirika.

Kipimo changu ni hiki. Ukiwa mjini sehemu ya wazi, tazama kaskazini-magharibi. Juu ya Kahlenberg kuna mnara wa matangazo wa mita 165. Ukiuona waziwazi, nenda. Ukiuona nusu, subiri mchana. Usipouona kabisa maana yake na wewe ukiwa kule juu hutauona mji. Novemba ndiyo mbaya zaidi, ukungu unalala kwenye bonde la mto siku nyingi.

Sasa saa. Ukisimama Kahlenberg, katikati ya mji iko kusini ukiegemea mashariki kidogo. Jua la saa sita mchana liko kusini huko huko, yaani unalitazama. Alasiri jua linahamia magharibi, linapita begani kwako na kuupiga mji kutoka ubavuni, kuta zinang'aa, vivuli vinatokea, hata simu ya bei ndogo inatoa picha nzuri. Kwa hiyo ni alasiri.

Lakini alasiri ya wapi! Sisi tuliozoea jua linazama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima hapa tunakosea vibaya sana. Vienna mwezi wa Juni jua linazama karibu saa tatu usiku. Desemba linazama saa kumi jioni. Mwanzoni mwa Oktoba kama saa kumi na mbili unusu. Kanuni ninayowapa watu ni kupanda basi pale Heiligenstadt masaa manne na nusu kabla ya jua kuzama. Juni panda saa kumi na nusu jioni, Oktoba saa nane mchana, Desemba saa tano na nusu asubuhi usizidishe.

Na kumbuka ratiba zao zinahesabu kuanzia saa sita usiku, kwa hiyo 16:30 ndiyo saa kumi na nusu yetu. Nimeshaona mtu mzima na akili zake anakwenda stendi saa nne kwa sababu aliona namba 4 kwenye 14.

*Utajua umefaulu:* umeandika saa ya jua kuzama ya siku hiyo, na saa ya kuondoka, kabla hujavaa viatu.

## Hatua ya 3: Heiligenstadt na basi la 38A

Panda U4, treni ya chini ya ardhi, ile ya rangi ya kijani, upande unaoandikwa Heiligenstadt. Upande mwingine unaandikwa Hütteldorf, huko ni kinyume kabisa. Heiligenstadt ni kituo cha mwisho, huwezi kukipita.

Kama tiketi yako ni ya karatasi, igonge kwenye kile kimashine cha bluu kabla hujapanda. Tiketi isiyogongwa ni sawa na huna, na faini inazidi euro 100, hawasikilizi kwamba wewe ni mgeni.

Ukitoka nje utaona jengo refu mno la rangi nyekundu na njano lenye matao makubwa, linaitwa Karl-Marx-Hof, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Mabasi yako upande huo huo. Tafuta 38A.

Angalizo kubwa: soma kioo cha mbele cha basi kabla hujapanda. Si kila 38A inafika mwisho. Nyingine inaishia Cobenzl, nyingine Kahlenberg, nyingine Leopoldsberg. Unayoitaka ni ya Leopoldsberg. Ikija ya Kahlenberg na ya Leopoldsberg iko mbali, panda tu, shuka Kahlenberg, utaenda Leopoldsberg na kurudi kwa miguu, inakuongezea kama nusu saa. Ya Cobenzl iache, utabaki njiani.

Baada ya Grinzing barabara inageuka ya mawe, basi linatetemeka na kona zinafuatana, kwa hiyo mwenye kichefuchefu akae mbele. Kukaa upande wa kushoto au kulia haina maana sana, msitu unafunika. Vumilia.

*Utajua umefaulu:* basi limezima injini, dereva ameshuka anyooshe miguu, na mbele yako kuna kanisa lililozungukwa na kuta kama za ngome.

## Hatua ya 4: Leopoldsberg, mita 425

Watu wengi hawafiki hapa, wanaishia Kahlenberg, na mimi nasikitika kwa sababu kwa kuutazama *mto* hakuna mahali pa kushinda hapa. Milima ya Alps inayoanzia kule Ufaransa inaishia hapa unaposimama. Baada ya hapa kilima kinadondoka mpaka majini.

Usihangaike kama ua wa kanisa umefungwa, una masaa yake. Zunguka nje ya kuta upande wa mtoni.

Utaona Danube umegawanyika mara mbili na katikati kipande chembamba cha ardhi kinachokwenda mpaka macho yanaishia. Hicho ni kisiwa cha kutengenezwa na watu, Donauinsel, urefu wake kilomita 21, kilichotoka kwenye udongo waliochimba walipokuwa wanafungua mkondo wa pili wa kupunguza mafuriko. Ng'ambo ya mto kile kilima cha duara ni Bisamberg. Ukigeuka kushoto juu ya mto, ule mji wenye nyumba kubwa ya watawa ni Klosterneuburg.

Kaa nusu saa. Sikiliza meli za mizigo, injini zake zinasikika mpaka juu upepo ukitulia.

Angalizo: kutoka hapa kuna njia inashuka moja kwa moja, ile Nasenweg ya binamu yangu. Kama magoti yako mazima, hakuna barafu wala mvua, na umeshaiona Kahlenberg siku nyingine, ni njia nzuri sana ya kushuka, dakika 40 hivi, na chini unapata basi la kurudi Heiligenstadt. Majira ya baridi usiiguse kabisa, zile ngazi zinashika barafu kwenye kivuli hata kama mjini ni kukavu.

## Hatua ya 5: Leopoldsberg mpaka Kahlenberg

Dakika 30 msituni. Njia inakwenda sambamba na barabara, wakati mwingine unaona magari kati ya miti. Unashuka kidogo, halafu unapanda taratibu. Shabaha yako ni ule mnara wa matangazo wa mita 165.

Kosa la hapa ni njia panda. Zinazokata kushoto zinashuka Kahlenbergerdorf, zinazokata kulia zinashuka upande wa Klosterneuburg. Zote zinavutia kwa sababu ni mteremko. Ukijikuta umeshuka dakika kumi mfululizo na hujaanza kupanda tena, umepotea, rudi ulikotoka usitafute njia ya mkato.

Sasa kupe. Msitu huu wa Vienna una kupe, na si wale wa kwenye ng'ombe unaowaona kwa macho mbali, hawa wengine ni wadogo kama mbegu ya ufuta. Wanasambaza magonjwa mawili ya kuogopa, moja linashambulia ubongo na lina chanjo, lingine linaanza na duara jekundu kwenye ngozi na linatibiwa kwa antibayotiki. Kupe harukii kutoka mtini, anasubiri kwenye nyasi na vichaka vya chini upite umguse. Ndiyo maana nikasema soksi ndefu, ingiza suruali ndani ya soksi bila kuona haya, wenyeji wanafanya hivyo, na usikae kwenye nyasi ndefu. Ukirudi vua nguo zote ujikague nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, na watoto nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja taratibu, usimpake mafuta wala kumchoma. Anayekuja kukaa Austria muda mrefu amuulize daktari kuhusu chanjo mapema, kwa sababu si sindano moja.

*Utajua umefaulu:* miti inafunguka, unaona sehemu kubwa ya kuegesha magari, kituo cha basi na kanisa dogo.

## Hatua ya 6: Kahlenberg, na jinsi ya kuusoma mji

Vuka maegesho kuelekea upande wa mji, pita pembeni ya majengo ya hoteli, utatokea kwenye baraza pana yenye ukingo. Hapa hakuna ngazi nyingi wala kupanda kokote kutoka kituo cha basi, kwa hiyo kama umekuja na mama au mtu wa fimbo, yeye na basi lake aje moja kwa moja hapa akusubiri, kuna mgahawa na choo.

Watu wanafika hapa, wanapiga picha kumi, wanaondoka bila kujua walichoona. Fanya hivi. Simama ukingoni, anza kushoto.

Kushoto kabisa ni mto. Fuata mto mpaka uone sindano nyembamba imesimama peke yake, hiyo ni Donauturm, mita 252. Karibu yake kulia kuna rundo la maghorofa, lile jeusi refu kuliko yote ni DC Tower, na yale yaliyopinda kama herufi Y pembeni yake ndiyo ofisi za UN. Wengi waliokuja kwa mkutano hapo ndipo wanapopaza sauti, "kumbe nilikuwa pale!"

Sogeza macho kulia polepole. Gurudumu kubwa la pembea linaloonekana kama sarafu imesimama, hilo ni Riesenrad la Prater, uwanja wa pembea na michezo. Endelea kulia mpaka uone bomba la moshi lenye tufe la dhahabu katikati yake, jua la alasiri likilipiga linawaka. Ni kiwanda cha kuchoma taka cha Spittelau, kinachopeleka joto kwenye nyumba za mji. Sasa usisogeze macho tena. Nyuma ya bomba hilo, karibu mstari ule ule, tafuta mnara mweusi uliochongoka. Ni kanisa kuu la Stephansdom, mita 136, na liko kama kilomita 8 kutoka uliposimama. Kutumia lile tufe la dhahabu kama alama ndiyo njia pekee ninayoijua ya kumwonyesha mtu Stephansdom bila kubishana dakika tano na kidole hewani.

Kama ni wikendi au sikukuu katika miezi ya joto, tembea dakika chache mpaka Stefaniewarte, mnara wa matofali wa mita 22 jirani na ule wa matangazo. Sarafu chache unapanda. Siku ya hewa safi sana unaona theluji ya mlima Schneeberg kusini-magharibi na vilima vya Slovakia mashariki. Siku za kazi usiende, utakuta mlango umefungwa, nimeshakuta watu wametembea makusudi kwa ajili ya huo mnara Jumanne.

## Hatua ya 7: Kushuka kwenye mizabibu

Hakikisha umebaki na saa moja na nusu ya mwanga. Kama huna, panda 38A hapo hapo, usibishane na giza.

Weka kwenye simu barabara ya Kahlenberger Straße, au fuata vibao vya Stadtwanderweg namba 1 kuelekea Nussdorf. Stadtwanderweg ni njia za matembezi zilizowekwa alama na mji wenyewe, zina namba, na hiyo namba 1 nzima ni mzunguko wa kama kilomita 11 unaoanzia na kuishia Nussdorf. Wewe unatembea sehemu yake ya kushuka tu.

Mwanzo ni msitu. Halafu miti inaisha ghafla na uko katikati ya mashamba, safu kwa safu za mizabibu zimeshuka na mteremko kama nywele zilizosukwa, na mwisho wa kila safu kuna mji. Septemba majani yanaanza njano, zabibu zimening'inia usawa wa goti, vumbi la mawe meupe kwenye viatu, na unasikia mlio wa vyuma vinavyogongana na upepo vya kufukuzia ndege. Nimepita hapa mara nyingi mpaka sihesabu, na bado nasimama.

Sheria za shambani: usichume hata punje moja, hilo ni shamba la mtu na zabibu ndiyo riziki yake. Usiingie kati ya safu. Tembea pembeni, baiskeli zinashuka kasi na magari machache yanapita.

Kushuka kunauma magoti na vidole vya miguu kuliko kupanda. Kaza kamba za viatu kabla ya kuanza, piga hatua fupi.

## Hatua ya 8: Kula, kwa wanaotaka

Njiani na Nussdorf kwenyewe kuna sehemu za mvinyo wa wenye mashamba, zinaitwa Heuriger. Ukiona tawi la msonobari limening'inizwa mlangoni, wamefungua. Hakuna tawi, hakuna huduma.

Asiyekunywa pombe asiogope kuingia, agiza *Traubensaft*, juisi ya zabibu, na ukitaka ichanganywe na soda ya maji sema *Traubensaft gespritzt*. Ila sikiliza, Septemba na Oktoba utaona watu wanakunywa kitu cha mawingu mawingu, kitamu, kinafanana kabisa na juisi. Kinaitwa *Sturm*. Si juisi. Ni mvinyo unaoendelea kuchacha na una pombe. Nimeona familia ya Waislamu wameagizia watoto kwa kudhani ni juisi ya msimu, na muuzaji hakuwaambia kitu.

Chakula kingi ni cha nguruwe. Neno la kulitafuta ni *Schwein*, na ile siagi nyeupe ya kupaka mkate iitwayo *Schmalz* nayo ni mafuta ya nguruwe. *Liptauer*, ya rangi ya chungwa, ni jibini na paprika, ukihakikisha kwa kuuliza utakula vizuri na mkate mweusi.

## Hatua ya 9: Kurudi

Ukiingia kwenye nyumba za Nussdorf tafuta reli za tramu. Ukipotea muulize mtu yeyote "D-Wagen?", ndivyo wenyeji wanavyoiita tramu D, watakuonyesha kwa mkono. Kituo ni cha kuanzia kwa hiyo viti vipo, na inakupeleka mpaka katikati ya mji, inapita Bunge na Opera, mpaka stesheni kuu ya Hauptbahnhof.

*Utajua umefaulu:* umekaa dirishani, vumbi jeupe kwenye raba, na unauona ule mnara wa matangazo juu ya paa za nyumba.

## Mambo yakiharibika

Namba ya dharura ya Ulaya nzima ni 112. Gari la wagonjwa 144, polisi 133, waokoaji wa milimani 140. Kabla hujapiga soma jina la kibao kilicho karibu nawe herufi kwa herufi.

Ukungu ukikufunika juu, fuata barabara ya lami au ya mawe mpaka kituo cha basi, achana na njia za msituni.

## Kama umeshamaliza hii

Bisamberg ng'ambo ya mto, mita 358, panda tramu 31 mpaka mwisho Stammersdorf na ufuate Stadtwanderweg namba 5. Ni mpole kuliko hii, na unaitazama Leopoldsberg kwa mbele ilivyochongoka mtoni. Asubuhi ndiyo saa yake, kwa sababu jua linakuwa mgongoni.

Hermannskogel, mita 542, ndiyo sehemu ya juu kuliko zote ndani ya Vienna, Stadtwanderweg namba 2 kutoka Sievering. Msitu mwingi, kuona kidogo mpaka upande mnara ulioko kileleni, kwa hiyo nenda wikendi ya miezi ya joto.